Maelezo ya ziada kwenye fomu ya chuo: lini uandike, lini uache wazi

Karibu na mwisho wa fomu ya Common App, ile inayotumika kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja, kuna mahali unaulizwa kama una jambo lolote la kuongeza. Wanafunzi wetu wakifika hapo hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaojaza mpaka nafasi iishe, kwa sababu tangu darasa la kwanza wamefundishwa kwamba ukiacha swali wazi umepoteza alama. Na wapo wanaoruka, hata kama mzazi alifariki katikati ya kidato cha tano na alama zikaporomoka mwaka huohuo, kwa sababu wamelelewa kwamba ya nyumbani hayasemwi kwa watu baki.

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Morogoro, na shuleni kwetu ndiye ninayekaa na vijana wanaoomba vyuo vya nje. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, wanaanza kuja na simu zao na bahasha za vyeti. Insha kuu inachukua muda mrefu zaidi, lakini tunabishana zaidi kuhusu kisehemu hiki kidogo. Naandika namna tunavyoamua, kwa faida ya vijana ambao shule zao hazina mtu wa kuwauliza.

Kwanza ujue ukubwa wa nafasi yenyewe. Zamani sehemu ya taarifa za ziada ilikuwa na maneno 650, sawa na insha nzima. Kuanzia msimu wa 2025/2026, kwa wanaoomba mwaka wa kwanza, imepunguzwa hadi maneno 300. Pembeni yake kuna sehemu nyingine ya hiari, ya changamoto na mazingira yaliyokuathiri, yenye maneno 250. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa miaka ya nyuma unaokuambia umimine kila kitu, ujue umepitwa na wakati. Na zote mbili ni za hiari kwelikweli. Ukiacha wazi hakuna anayekukata alama.

Sasa, kuamua. Anza na karatasi zako. Weka mezani matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya kidato cha nne na cha sita, ripoti za mihula, na orodha ya shughuli uliyojaza. Mpe mtu asiyekufahamu vizuri, mjomba wa rafiki yako au mwalimu wa shule jirani, azisome bila kukuuliza chochote. Akimaliza, mwulize swali moja: umesimama wapi ukashindwa kuelewa? Pale aliposimama ndipo afisa udahili naye atasimama, na huyo wa kwao ana mafaili mengi mbele yake wala hatakupigia simu. Kama msomaji wako hakusimama popote, acha wazi, nenda kwenye kazi nyingine.

Halafu mwulize pia: hapo uliposimama, ulidhani nini? Mtu akikosa jibu hujijibu mwenyewe. Akiona kidato cha nne ulimaliza 2018 na cha sita 2024, atajijibu kwamba ulifeli au ulichoka na shule. Labda ukweli ni kwamba ulikaa nyumbani miaka miwili ukitafuta ada, ukarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ndipo ukapata nafasi ya kidato cha tano. Sisi tukiona namba ya mtihani inaanza na P badala ya S tunaelewa mara moja kwamba ulijisomea mwenyewe. Msomaji wa kule hiyo P haimwambii kitu. Hapo andika, na uandike bila kujidharau, maana kujisomea kidato cha nne nje ya shule ni kazi nzito na anayesoma atapenda kuijua.

Kuna jambo linaloweza kuwa kubwa kuliko yote maishani mwako na lisiache alama yoyote kwenye karatasi. Vijana wengine huumia ninapowaambia hivyo, kwa hiyo nisikilizwe vizuri. Sisemi msiba wako hauna maana. Nasema sehemu hii ina kazi moja, kumsaidia msomaji kuelewa karatasi anazoziona. Kama mama yako aliugua mwaka mzima na wewe alama zako zikabaki palepale, msomaji hana alichoshindwa kuelewa. Ukitaka kumsimulia, insha ipo. Usipotaka, hulazimiki kumsimulia mtu yeyote.

Yako mambo mengi ambayo mwombaji anahangaika kuyaeleza wakati ni kazi ya shule. Kubwa ni alama zenyewe. Mtoto anaona 62 ya kemia kwenye ripoti, anaogopa kwamba Mmarekani ataona amefeli, anaanza kuandika utetezi. Hilo halimhusu yeye peke yake, linahusu kila mwanafunzi wa Tanzania. Kidato cha nne C inaanzia 45 na A inaanzia 75. Kidato cha sita A inaanzia 80, na E ya 40 bado ni ufaulu kamili wa somo. Divisheni ya kwanza yenye pointi 3 ndiyo ya juu kabisa kidato cha sita, wakati msomaji aliyezoea wastani wa Marekani, ambao kilele chake ni 4.0, anaweza kudhani 3 ni pungufu. Tahasusi nayo, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita: kwamba mwanafunzi wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) hana hesabu za kidato cha sita kwa sababu anasoma masomo matatu makuu ya tahasusi yake, wala hakukwepa. Kwamba mwanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) anasoma Basic Applied Mathematics, na Advanced Mathematics ni ya wenzake wa PCM (fizikia, kemia na hesabu). Kwamba shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili na sekondari inageuka Kiingereza.

Haya yote mahali pake ni kwenye wasifu wa shule, karatasi ambayo mwalimu anaipakia pamoja na ripoti zako. Kama shule yako haina, usikasirike na usiyabebe mwenyewe kwenye maneno yako 300. Nenda kwa mwalimu wa taaluma, umwamkie, umweleze, ikiwezekana umpelekee rasimu ukurasa mmoja: shule ina wanafunzi wangapi, ya serikali au binafsi, madaraja ya NECTA ya vidato vyote viwili, tahasusi zinazofundishwa, na darasa lako lilifanyaje kwenye mtihani wa taifa. Walimu wana vipindi vingi na wengi hawajawahi kuombwa karatasi ya namna hii. Ukiwapelekea kitu cha kusahihisha, wanasahihisha siku hiyohiyo. Na ikishatengenezwa, wadogo zako wa mwaka kesho wataikuta.

Lipo eneo moja ambapo shule na wewe mnagongana. Tuseme mlikaa bila mwalimu wa fizikia tangu Machi hadi Septemba, kidato cha tatu. Kwa shule nyingi za kata hili si geni. Ni jambo la shule, na mwalimu akiliandika lina uzito kuliko ukiliandika wewe. Lakini mkuu wa shule anaweza kusita kuweka kwa maandishi kwamba shule yake haikuwa na mwalimu, na mimi simlaumu, ana wakubwa zake. Akikataa, andika mwenyewe, sentensi mbili: somo gani halikuwa na mwalimu, miezi gani, na mlifanya nini kujisaidia. Usiongeze lawama. "Tulisoma kwa kundi la wanafunzi sita tukitumia mitihani iliyopita ya NECTA" inatosha, na inakusema vizuri kuliko aya nzima ya malalamiko kuhusu serikali.

Sasa niwaonyeshe mfano kwa karibu. Kijana wa PCB aliniletea maelezo yake. Aliandika kwa Kiingereza, mimi nayaweka kwa Kiswahili, na nimebadilisha tarehe na alama ili asitambulike.

"Ningependa kuchukua fursa hii kueleza kwa unyenyekevu mkubwa sababu zilizonifanya nisifanye vizuri kidato cha tano. Tangu kuzaliwa kwangu nimepitia maisha magumu yenye machungu yasiyoelezeka. Ugonjwa wa selimundu (sickle cell) umenitesa usiku na mchana, lakini sikukata tamaa kwani Mungu ana makusudi na kila mja wake. Nililazwa mara kwa mara huku wenzangu wakiendelea na masomo. Naomba radhi kwa alama zangu, na naahidi kwamba nikipewa nafasi sitawaangusha."

Kila neno hapo ni la kweli, nami namfahamu, nilishawahi kumpeleka hospitali usiku. Lakini soma kama mtu wa mbali. Alilazwa lini? Hajasema. Alama zipi zilishuka? Hajasema. Sasa anaendeleaje? Hajasema, na hilo ndilo swali ambalo msomaji atabaki nalo. Tukakaa chini ya mwembe nyuma ya maabara, nikamuuliza moja moja na kuandika majibu. Ilitoka hivi:

"Nina ugonjwa wa selimundu. Kati ya Januari na Aprili, muhula wa pili wa kidato cha tano, nililazwa mara tatu, jumla ya wiki sita. Nilikosa majaribio mawili ya kemia na moja la fizikia. Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula kemia yangu ilishuka kutoka 71 hadi 48, na fizikia kutoka 66 hadi 45. Juni daktari alinianzishia haidroksiurea, na tangu hapo sijalazwa. Kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha sita nilipata B ya kemia, C ya fizikia na B ya baiolojia."

Msamaha umeondoka, kwa sababu kuugua si kosa. Ahadi imeondoka, kwa sababu matokeo ya NECTA yanaahidi kwa niaba yake. "Mara kwa mara" imegeuka kuwa mara tatu, wiki sita. Sentensi ya Mungu aliipenda, na sikumwambia ni mbaya. Nilimwambia imani yake aiandike kwenye insha ambako ana nafasi ya kuieleza inavyostahili, naye alifanya hivyo.

Jambo gumu lilikuwa kutaja ugonjwa kwa jina. Tulimwita mama yake. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki: kwamba wakiona selimundu watamwona mtoto wake mzigo. Nikamweleza kwamba inawezekana kabisa kuandika "ugonjwa wa kudumu ambao sasa umedhibitiwa kwa dawa" na kuishia hapo, na msomaji atapata kile anachohitaji. Mwishowe kijana mwenyewe ndiye aliyesema anataka litajwe, mama akakubali. Ninachosisitiza ni kwamba huo uamuzi si wa mwalimu. Mimi naweza kusema pana pengo kwenye ripoti linalohitaji sababu. Kiasi gani cha sababu kifunguliwe, mwenye maisha yake na wazazi wake ndio wanaosema.

Hivyohivyo kwa binti aliyekatiza shule kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi hawa kurudi kwenye mfumo rasmi, kwa hiyo sasa tunawapata, na wako wanaofaulu vizuri sana. Mwaka au miaka inayokosekana kwenye karatasi zake itaulizwa, hilo halikwepeki. Binti anaweza kuandika "sababu za kifamilia", na kama ndipo roho yake inapotulia, nitaheshimu. Mimi kwa maoni yangu, kama yuko radhi, sentensi tatu za wazi zina nguvu zaidi: nilipata mtoto mwaka fulani nikiwa kidato cha tatu, niliacha shule kwa muda fulani, nilirudi na haya ndiyo matokeo yangu tangu niliporudi. Asijitete. Asimtaje baba wa mtoto. Na aeleze mtoto analelewa na nani sasa, maana msomaji atajiuliza kama ataweza kusafiri.

Mengine nayapitia kwa haraka.

Kipindi cha kati ya kidato cha sita na chuo kinawasumbua wengi bure. Mtihani ni Mei, matokeo ni Julai, na vyuo vya Marekani vinafungua Agosti, basi karibu kila anayesubiri matokeo ana mwaka katikati. Fomu ina swali kuhusu hilo kwenye sehemu ya elimu, ukiweka alama panafunguka mahali pa kueleza. Eleza hapo kwa sentensi mbili, utaje na miezi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kama ulikwenda, na usirudie kwingine.

Kazi za nyumbani na biashara ndogo si maelezo ya ziada. Kama kila alfajiri unakaanga maandazi ya mama kabla ya shule, au unawalea wadogo zako kwa sababu baba yuko machimbo, hiyo ni shughuli, na orodha ya shughuli ina nafasi kumi, ikiwemo aina ya majukumu ya familia na aina ya kazi ya malipo. Weka saa kwa wiki. Wanafunzi wangu huacha orodha hiyo nusu tupu wakidhani inataka klabu na makombe tu, halafu wanalilia nafasi kwenye maelezo ya ziada.

Habari za fedha zina fomu zake. Mavuno mabaya, duka lililofungwa, baba mwenye familia mbili anazozihudumia: hayo peleka kwenye fomu za msaada wa fedha. CSS Profile, mojawapo ya fomu hizo, ina sehemu yake ya hali maalumu. Yaingie huku kama tu yalikutoa shuleni, kwa mfano ulipofukuzwa ada muhula mzima.

Majina yasiyofanana ni lazima uyaeleze, na ni sentensi moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, NECTA inasema Fatma, pasipoti ina jina la babu ambalo cheti cha shule hakina. Andika kwamba yote ni yako, na kwamba una kiapo kama unacho.

C moja katikati ya A usiiguse. Ukiieleza unamwonyesha mtu kitu ambacho pengine alishakipita. Na alama mbaya isiyo na sababu, ile ya kwamba hukusoma tu, nayo iache. Usiitafutie sababu. Ukisema mwalimu alikuonea, hata kama ni kweli, msomaji hana njia ya kulijua hilo.

Ulisimamishwa shule? Soma maswali ya chuo husika, vingine vinauliza, vingine haviulizi. Kikiuliza, jibu ukweli. Kama ripoti inaonyesha pengo la wiki hizo, eleza hata kama hujaulizwa: lini, kwa kosa gani, adhabu gani, na rekodi yako tangu hapo. Kabla hujatuma, mwonyeshe mwalimu anayekuandikia barua ya mapendekezo, maana akiandika tofauti na wewe mmeharibu wote wawili.

Na kuzungumza na mwalimu ni kwa kila suala, si hilo peke yake. Mwambie mapema: "Mwalimu, naomba ulitaje la kulazwa kwangu kwenye barua, mimi nitaweka tarehe tu." Mtu wa pili akilisimulia, wewe unaweza kuandika kwa ufupi sana. Mkilisimulia wote kwa urefu, linameza faili zima, na msomaji anamaliza akikumbuka ugonjwa badala ya kukumbuka kwamba unapenda baiolojia.

Kuhusu kuandika kwenyewe: acha mtindo wa barua za kiofisi. Hakuna "husika na kichwa cha habari hapo juu", hakuna "naomba ombi langu lipokelewe", hakuna salamu wala jina mwishoni. Maneno makubwa ya Kiingereza ya kamusi yaache pia. Kama sentensi inakukwama, iseme kwanza kwa Kiswahili kama unavyomweleza dada yako, kisha uiandike kwa Kiingereza chepesi. Maelezo mengi mazuri niliyoyaona hayakuzidi maneno 100. Yanasema lini, nini kilitokea, karatasi gani iliathirika, na hali ikoje leo, basi.

Ikitokea jambo baada ya kutuma, usidhani mlango umefungwa. Ukiugua wakati wa mtihani wa Mei, au NECTA wakitoa matokeo yenye kosa na umekata rufaa, ingia kwenye akaunti yako ya kila chuo au waandikie ofisi ya udahili barua pepe. Weka jina kamili, namba ya mwombaji, kilichotokea na tarehe, na karatasi ya hospitali au ya shule ikiwa ipo. Tuma kwa vyuo vyote ulivyoomba siku hiyohiyo, na nakala mpe mwalimu wako ili wakimuuliza awe anajua.